Mazoea ya Kazi na Mpangilio wa Siku: Mafunzo kutoka Kitale na Bungoma

Tija ni uhusiano kati ya kinachopatikana na kinachotumiwa ili kukipata, kiwe ni muda, nguvu, fedha au ardhi. Kwa miaka mingi mazungumzo ya watu kuhusu tija katika maisha ya kila siku yamekuwa mazungumzo ya nia: mwenye nia huamka mapema, huipanga siku yake na kumaliza kazi aliyoianza, na asiyefanya hivyo huhesabiwa kuwa mvivu au mtu asiyejua anachokitaka. Mhadhara huu unaupinga mtazamo huo. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mazoea, yaani matendo ambayo mtu huyafanya bila kushauriana na nafsi yake kila mara kwa kuwa ameyarudiarudia katika wakati na mahali pale pale, hutegemea zaidi namna mazingira ya tendo yalivyopangwa kuliko ukali wa nia ya mtendaji. Ushahidi wa hoja hiyo haupatikani katika maabara za Ulaya na Marekani pekee, bali umekusanywa kwa zaidi ya nusu karne katika mashamba, chemchemi na vyama vya akiba vya magharibi mwa Kenya, kuanzia Kitale katika nyanda za juu za Trans Nzoia hadi Bungoma na jirani yake Busia.

Historia hii inaanzia kwenye mahindi. Kampuni ya mbegu ya Kenya Seed ilianzishwa Kitale mwaka 1956, na mwaka 1964 watafiti wa kituo cha kilimo cha mji huo wakatoa mbegu chotara iliyoitwa H611, yaani mbegu iliyopatikana kwa kuchavusha aina mbili za mahindi zenye asili tofauti ili kizazi chao kiwe na nguvu kuliko wazazi. Mbegu hiyo ilienea kwa kasi miongoni mwa wakulima wadogo wa magharibi mwa Kenya, na wachumi wengi walishangaa, maana wakati ule ilidhaniwa kwamba mkulima wa kijijini ni mtu wa kushikilia ya kale. Lakini jambo lenye uzito zaidi kwa mada hii lilifanywa kimyakimya na mtaalamu wa kilimo A. Y. Allan, ambaye katika miaka ya 1960 alifanya majaribio mengi kuzunguka Kitale, kisha akayaeleza katika tasnifu yake ya mwaka 1971 katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Allan aliyagawa mambo yanayoongeza mavuno katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni vitu vinavyonunuliwa, kama vile mbegu chotara na mbolea. Fungu la pili ni mambo yasiyohitaji duka, yaani kupanda mapema mvua inapoanza, kuweka idadi ifaayo ya mimea shambani na kupalilia kwa wakati. Majaribio yalionyesha kwamba fungu la pili lilichangia mavuno kwa kiasi kisichopungua mchango wa fungu la kwanza, na kwamba mkulima aliyenunua mbegu na mbolea lakini akachelewa kupanda na kuacha magugu yasongamane alikuwa ameitupa sehemu kubwa ya fedha yake.

Mtu anaweza kuyasoma matokeo hayo kwa pupa na kusema: kumbe tatizo ni uzembe, na dawa yake ni mawaidha. Usomaji huo hautoshi. Kupanda mapema si tendo moja, bali ni mwisho wa mnyororo wa matendo yanayoanza miezi miwili au mitatu kabla, wakati ardhi ingali kavu mwezi Januari na Februari, na kila pete ya mnyororo huo inadai kitu ambacho huenda hakipo. Trekta au maksai wa kulimia wanatakiwa na watu wengi kwa wiki zile zile. Mbegu inahitaji fedha ambayo tayari imekwenda kwenye karo. Na mtu anayelima shamba la mwenziwe kwa kibarua ili apate unga wa wiki hii hulazimika kulifikia lake baada ya mvua kukolea. Mkulima wa namna hiyo anajua vyema kwamba anachelewa. Anachokosa ni mpangilio unaomwezesha kutenda anachokijua, na tofauti hiyo kati ya kujua na kuwezeshwa kutenda ndiyo kiini cha suala zima la mazoea.

Mfano mzuri wa mpangilio wa aina hiyo unaonekana katika kamba. Mwaka 2006 shirika la One Acre Fund, lililoanzishwa na Mmarekani Andrew Youn, lilianza kazi Bungoma kwa kuwakopesha wakulima wadogo mbegu na mbolea, kuwafikishia vitu hivyo mahali wanapoweza kwenda kwa miguu, na kuwafundisha wakiwa katika vikundi. Miongoni mwa vifaa vilivyotumika katika mafunzo hayo ni kamba ya kupandia, iliyofungwa kijiti katika kila ncha na kutiwa alama kwa vipimo sawa. Vijiti huchomekwa kwenye pande mbili za shamba, kamba ikavutwa hadi ikakaza, na kwenye kila alama shimo likachimbwa, mbolea ikatiwa kwa kipimo kidogo cha mkono, udongo ukaifunika ili isiichome mbegu, kisha punje moja ya mahindi ikawekwa na kufukiwa. Mstari ukimalizika, vijiti husogezwa mbele kwa hatua iliyopimwa, na kazi huendelea. Kwa nafasi ya sentimita 25 kati ya mashina na 75 kati ya mistari, ambayo hupendekezwa sana kwa mahindi, ekari moja hupokea mashina yapatayo 21,500.

Inafaa kuitazama kazi ya kamba hiyo kwa makini. Kabla yake, mpandaji alipima kwa hatua za miguu na kwa jicho, akatupa punje mbili au tatu katika shimo moja kwa kuhofia kwamba nyingine haitaota, na kadiri jua lilivyopanda ndivyo hatua zilivyorefuka na mashimo yalivyopungua, si kwa sababu ya dharau bali kwa sababu mwili ulikuwa umechoka. Kamba haichoki. Saa kumi alasiri inatoa nafasi ile ile iliyotolewa saa moja asubuhi, na mpandaji hana haja ya kuamua chochote isipokuwa kwenda kwenye alama inayofuata. Hapa ndipo ilipo siri ya mazoea mema popote yalipo: uamuzi umefanywa mara moja, ukiwa na utulivu, na baada ya hapo umehifadhiwa ndani ya kifaa, ndani ya saa au ndani ya makubaliano na watu wengine, ili usifanywe upya kila siku na mtu aliyechoka.

Wanasaikolojia wamelifikia jambo hilo hilo kwa njia nyingine. Mwaka 1999 Peter Gollwitzer, mtafiti wa Kijerumani, alieleza tofauti kati ya lengo tupu, kwa mfano kutaka kusoma zaidi, na kile kinachoweza kuitwa nia iliyofungiwa tukio, ambapo mtu huamua mapema kwamba jambo fulani likitokea ndipo tendo fulani litafanyika: vyombo vya chakula cha jioni vikishaoshwa, kitabu hufunguliwa, mvua ya kwanza ya kulowesha udongo ikinyesha, mbegu huingia ardhini kesho yake. Tafiti nyingi zilizofuata zimeonyesha kwamba aina hii ya pili hutekelezwa zaidi kuliko ile ya kwanza, kwa sababu tukio lenyewe hugeuka kuwa kichocheo, yaani ishara inayoamsha tendo bila mtu kujikumbusha. Jamii za magharibi mwa Kenya hazikuhitaji kufundishwa kanuni hiyo. Wabukusu wa Bungoma, ambao tohara yao ya wavulana hufanyika mwezi Agosti wa kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, yaani miaka kama 2022 na 2024, wameziegemeza kazi nyingi za maandalizi, kuanzia nafaka ya pombe hadi safari za kuwaalika wajomba, kwenye tarehe ambayo hakuna mtu mmoja mwenye uwezo wa kuiahirisha. Kinachohitajika ni kuhamishia ustadi huo kwenye shughuli za kawaida ambazo hazina ngoma wala mashahidi.

Fedha ndiyo shughuli ngumu kuliko zote, na katika jambo hili Busia imetoa somo linalofahamika duniani kote. Wachumi Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walichunguza kwa nini wakulima wengi hawakutumia mbolea ya kukuzia ilhali ilikuwa na faida iliyothibitishwa katika mashamba yao wenyewe. Karibu wakulima wote walioulizwa walisema kwamba wangetumia mbolea msimu uliofuata, lakini walioitumia hatimaye walikuwa zaidi kidogo ya theluthi moja. Nia, kwa hiyo, ilikuwepo tele. Kilichopungua ni daraja la kuivusha kutoka mavuno hadi msimu mpya. Mahindi huvunwa, Krismasi hufika, karo ya Januari hudaiwa, mgonjwa hupelekwa hospitali, na ifikapo siku ya kununua mbolea fedha imeshapata wenyewe.

Watafiti hao, wakishirikiana na shirika lililokuwa likifanya kazi Busia, wakajaribu njia nyepesi. Badala ya kumpa mkulima punguzo kubwa wakati wa kulima, mtu alimtembelea mara tu baada ya mavuno, fedha ikiwa bado ipo nyumbani, akampa nafasi ya kulipia mbolea wakati huo huo na kuahidiwa kuletewa bila gharama ya usafiri siku atakapoihitaji, kwa masharti kwamba nafasi hiyo ilidumu kwa siku chache tu. Kwa mujibu wa makala yao ya mwaka 2011, matumizi ya mbolea yaliongezeka kwa kati ya asilimia 47 na 70, ongezeko lililokaribiana na lile ambalo lingepatikana kwa kupunguza bei ya mbolea kwa nusu baadaye katika msimu. Lakini ofa ile ile ya usafiri wa bure, ilipotolewa baadaye, haikuwa na nguvu hiyo. Duflo na Kremer, pamoja na Abhijit Banerjee, walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 kwa kazi pana ambayo utafiti huu ni sehemu yake. Kilichobadilika Busia ni tarehe tu, na tarehe ilitosha.

Mpango wa aina hii huitwa kifungo cha hiari: mtu mwenyewe, akiwa na akili tulivu, anakubali kujizuia leo ili kesho asishindwe na haja ya dakika ile. Hata hivyo si kila kifungo ni chema, na ukali haumaanishi ubora. Pascaline Dupas pamoja na Jonathan Robinson, katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2013, waliwapa wanachama wa vyama vya mzunguko vya magharibi mwa Kenya, yaani vikundi ambamo kila mmoja huchanga na zamu ya kuchukua huzunguka, njia mbalimbali za kuweka akiba ya afya. Baadhi walipewa sanduku la chuma lenye kufuli na ufunguo wakakaa nao wenyewe. Wengine walipewa sanduku lile lile lakini ufunguo ukabaki kwa msimamizi wa mradi, ili lisifunguliwe kabla ya lengo kutimia. Mtu angetarajia kwamba sanduku lisilofunguka ndilo lingeshinda. Matokeo yalikuwa kinyume: sanduku ambalo mwenyewe alikuwa na ufunguo wake liliongeza matumizi ya fedha kwa kinga ya afya kwa asilimia 66, ilhali lile lililofungwa kabisa halikusaidia kwa kiasi hicho, kwa kuwa watu waliogopa kuweka fedha mahali ambapo wasingeifikia mtoto akiugua usiku. Sanduku jepesi lilifanya kazi mbili kwa pamoja: liliipa fedha jina na mahali pake, na likampa mwenyewe sababu ya heshima ya kumwambia ndugu anayekopa kwamba fedha hiyo imeshawekewa kazi yake. Chungu cha pamoja ndani ya chama, ambamo wanachama walichangia afya mbele ya wenzao, kilifanya vizuri zaidi, jambo linaloonyesha kwamba macho ya watu wanaofahamiana ni kifungo chenye nguvu bila kuwa na ukatili.

Chemchemi nazo zina somo lake. Klorini ya kutibu maji ya kunywa iliuzwa madukani katika chupa ndogo za WaterGuard kwa bei ndogo, na bado kaya zilizoitumia zilikuwa chache sana. Baadaye ukabuniwa mtambo mdogo wa kutolea klorini uliosimikwa palepale chemchemini: mteka maji huweka mtungi wa lita 20 chini ya bomba, huzungusha kitasa, mililita tatu za dawa hudondoka ndani, kisha hujaza maji na kuondoka, na mwendo wa kurudi nyumbani huku mtungi ukitikisika kichwani au kwenye baiskeli ndio unaokoroga dawa na kuipa muda wa kufanya kazi. Katika majaribio ya Busia zaidi ya nusu ya kaya zilikutwa na klorini ndani ya maji yao ya kunywa. Mtambo haukuongeza elimu ya mtu yeyote kuhusu vijidudu. Ulikuwa mahali pale ambapo tendo linafanyika, wakati ule ambapo mkono umeshika mtungi, mbele ya majirani waliokuwa wakisubiri zamu, na chini ya uangalizi wa mtu aliyechaguliwa na kijiji chenyewe. Mpango huo umeenea hadi Bungoma na kaunti nyingine za magharibi.

Ingekuwa udanganyifu kuishia hapo. Kati ya mwaka 2012 na 2014 utafiti mkubwa uliandikisha zaidi ya wajawazito 8,000 katika Bungoma, Kakamega na Vihiga, ili kupima iwapo klorini, vyoo bora, kunawa mikono na lishe vingepunguza kuhara kwa watoto wao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba nchini Kenya kuhara hakukupungua, na matumizi ya klorini yalishuka kutoka mwaka wa kwanza hadi wa pili. Sababu zake ni nyingi, na si zote zinahusu mazoea, lakini fundisho moja linahusika moja kwa moja: mazingira yaliyopangwa vizuri lazima yaendelee kutunzwa. Mtambo ukikaukiwa dawa kwa wiki tatu, mkono husahau kitasa. Mtu wa kujaza tangi ni sehemu ya mazoea ya kijiji kizima, na mazoea ya mwanafunzi, mwalimu au mfanyabiashara nayo yana tangi lake linalohitaji kujazwa, hata kama ni kalamu na daftari tu.

Suala la muda linafaa kuguswa kwa kifupi. Imezoeleka kusemwa kwamba tabia mpya huzoeleka kwa siku 21, lakini hesabu hiyo haina msingi. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa London, uliofuatilia watu 96 kwa wiki 12 na kuchapishwa mwaka 2010, ulipata makadirio ya kati ya siku 66, huku tofauti kati ya mtu na mtu zikianzia siku 18 hadi 254. Tena ulionyesha kwamba kuikosa siku moja hakukuharibu kilichokwisha kujengwa. Mambo hayo mawili yangepaswa kujulikana kwa kila anayekata tamaa mwisho wa Januari.

Neno tija, hata hivyo, haliwezi kutamkwa Kitale bila kukumbuka nani aliwahi kulitumia na kwa nani. Trans Nzoia ilikuwa sehemu ya nyanda zilizotengewa walowezi wa Kizungu, na sheria ya mwaka 1918 ilimtaka Mwafrika aliyeishi katika shamba la mlowezi afanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili aruhusiwe kukaa. Kuanzia mwaka 1919 na 1920 kila mwanamume Mwafrika wa umri wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kubeba kipande, hati ya utambulisho iliyoandikwa kumbukumbu za ajira yake na kumzuia asiondoke kwa mwajiri bila idhini. Katika mazingira hayo mlowezi alimwita mfanyakazi wake mvivu, ilhali mfanyakazi aliyejikokota shambani kwa bwana aliweza kuwa mwepesi ajabu katika kishamba chake mwenyewe alfajiri na jioni. Anayefundisha mazoea ya kazi leo, awe mwalimu, mhubiri au meneja, anawajibika kujiuliza kwanza matunda ya kazi hiyo yanamwendea nani, kwa sababu hakuna mpangilio wa siku unaoweza kudumu katika nafsi ya mtu anayejua kwamba jasho lake linanufaisha mwingine.

Kuna upande wa pili wa jambo hilo, nao ni pale kazi inapoondoka. Mwaka 1933 Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walichapisha uchunguzi wao wa Marienthal, kijiji cha Austria ambacho kiwanda chake cha nguo kilikuwa kimefungwa. Ilitarajiwa kwamba wanaume waliokosa ajira, wakiwa sasa na muda mwingi, wangesoma, wangelima na kuimarisha siasa zao. Badala yake walitembea polepole zaidi, vitabu vilivyoazimwa maktabani vilipungua ingawa ada iliondolewa, na walipoulizwa walichokifanya tangu asubuhi walishindwa kukumbuka zaidi ya mambo mawili matatu. Wanawake, ambao kupika, kufua na kulea watoto kuliendelea kuwadai saa kwa saa, hawakupotelewa na mwelekeo wa siku kwa namna hiyo. Webuye, mji wa kaunti ya Bungoma ambao kiwanda chake cha karatasi cha Pan Paper kilianza uzalishaji mwaka 1974 na kusimama mwaka 2009, unalibeba swali hilo hilo. Kiwanda kilitoa mshahara, lakini pia kilitoa zamu ya asubuhi na ya usiku, saa ya kula, siku ya kwenda sokoni na mwisho wa mwezi wa kulipa madeni. Kumwambia kijana wa mji kama huo ajipangie siku yake peke yake ni kumtaka afanye kwa nia tupu kazi iliyokuwa ikifanywa na taasisi nzima.

Nafasi iliyoachwa wazi na taasisi imejazwa na simu, na hapa tahadhari inahitajika. M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, na M-Shwari iliyofuata mwaka 2012, zimemwezesha mwendesha bodaboda wa Kanduyi kufunga akiba kwa muda anaouchagua mwenyewe, jambo ambalo ni kifungo cha hiari cha kweli. Simu hiyo hiyo tangu 2019 inampa Fuliza, yaani uwezo wa kutumia fedha asiyokuwa nayo papo hapo kwa ada, na inamfikishia mchezo wa kubahatisha, video fupi zisizokoma na arifa zinazolia kila dakika. Waliobuni vitu hivyo wanaijua kanuni ya kamba na kitasa kuliko walimu wengi: kichocheo kimewekwa mkononi, tendo limerahisishwa, tuzo inakuja upesi. Mtu anayejilaumu kwa kukosa nidhamu mbele ya simu anapambana peke yake na mpangilio uliofikiriwa na mamia ya wahandisi. Dawa inayofaa ni ya kimpangilio pia: simu ilazwe chumba kingine usiku, saa ya kuamkia iwe saa ya kawaida ya mezani, na arifa zote zizimwe isipokuwa za watu.

Kutokana na hayo yote, mtu anayetaka kuiboresha siku yake ana swali la kuanza nalo lililo tofauti na lile lililozoeleka. Badala ya kuuliza afanyeje ili awe na bidii zaidi, anaweza kuuliza tendo analolitaka lifungwe kwenye tukio gani lisilokosekana, likae mahali gani, lisaidiwe na kifaa gani na lionwe na nani. Mwalimu wa shule ya msingi ya Kimilili anayerudi nyumbani na furushi la madaftari ya kusahihisha, akayakuta yamelala mezani hadi Ijumaa, hatasaidiwa na azimio jipya. Atasaidiwa na nusu saa inayofungwa kwenye kengele ya mwisho, darasani penyewe, kabla hajakifikia kiti cha sebuleni, na itakuwa bora zaidi akipatana na mwenzake mmoja wakae pamoja. Mfugaji wa Kitale hahitaji kufundishwa jambo hili, kwa kuwa ng'ombe wake wa maziwa humdai alfajiri na jioni bila kujali hali ya moyo wake, na ndiyo maana mara nyingi nyumba yenye ng'ombe mmoja wa kukamuliwa huwa na saa zilizonyooka kuliko nyumba isiyo na mfugo wowote. Kazi zisizo na sauti, kama kusoma, kuweka hesabu za duka au kuandika, zinahitaji kutafutiwa kitu cha kuzidai kwa namna hiyo.

Lakini mpangilio wa mtu mmoja una mipaka, na sehemu kubwa ya kazi hii ni ya umma. Tangu mwaka 2022 serikali imekuwa ikiuza mbolea ya ruzuku, na mwaka 2023 bei ya mfuko wa kilo 50 ikashushwa hadi shilingi 2,500, ambapo mkulima aliyesajiliwa hupata ujumbe wa simu na kwenda kuchukua kwenye maghala ya Bodi ya Nafaka na Mazao na vituo vingine. Bei ni njema. Hata hivyo, ushahidi wa Busia umekuwepo kwa zaidi ya miaka kumi, nao unasema kwamba siku ya kulipia, ikiambatana na kuletewa mbolea, ina uzito unaokaribia ule wa bei yenyewe. Serikali za kaunti za Trans Nzoia na Bungoma, pamoja na vyama vya ushirika na viongozi wa vikundi vya akina mama, zinaombwa kulichukua jambo hili kwa uzito wake: malipo ya mbolea yafunguliwe mwezi Novemba na Desemba, wakati mahindi yanauzwa, na mifuko ifikishwe katika kila wadi kabla ya mvua ya Machi.